Namna ya Kuudai Uongozi wa Timu Majibu kuhusu Kikosi

Siku ya Jumatatu, baada ya timu kufungwa nyumbani, baraza za Mombasa hujaa makocha. Kuanzia Kibokoni hadi Mwembe Tayari, kila aliyeshika kikombe cha kahawa chungu anamjua beki ambaye hakustahili kupangwa, winga ambaye hakustahili kuachiliwa, na mwenyekiti ambaye alistahili kung'oka tangu msimu uliopita. Mengi ya wanayoyasema ni kweli. Lakini dele la kahawa likishakauka, maneno nayo hutawanyika pamoja na wenyewe, na kamati ya timu, ambayo haikuwapo pale barazani, huendelea na mambo yake kana kwamba hapakusemwa kitu.

Mwongozo huu ni wa shabiki anayetaka lalamiko lake limfikie mwenye kalamu ya kutia saini, tena limfikie katika sura ambayo itamlazimu kulijibu. Ninayoyaeleza nimeyajua kwa kukosea. Kwa misimu kadhaa nilikuwa katibu wa kundi la mashabiki wa timu moja ya daraja la chini hapa kisiwani, ambayo sitaitaja jina, na barua yetu ya kwanza kwa uongozi ilikuwa na malalamiko kumi na moja, kuanzia upangaji wa kikosi hadi rangi ya jezi za ugenini. Tulijibiwa kwa mistari miwili ya kutushukuru kwa mapenzi yetu kwa timu. Barua ya pili ilikuwa na swali moja tu, na jibu lake lilijaza kurasa mbili.

Mtafute kwanza aliyeamua

Hasira nyingi za mashabiki hupotea kwa sababu humwangukia asiyehusika. Nani aanze mechi na nani akae benchi ni uamuzi wa kocha, na huyo ndiye wa kuulizwa. Nani asajiliwe ni jambo la watu wengi zaidi: kocha hupendekeza, kamati hukubali au hukataa, mweka hazina hutazama kilichomo mfukoni, na mara nyingine mfadhili huja na jina lake mwenyewe ambalo hakuna anayethubutu kulikataa. Nani aondoke ndilo swali gumu kuliko yote, kwa kuwa shabiki huona mlango ukifungwa tu, wala haoni ni nani aliyeusukuma.

Chukua mfano wa kiungo aliyependwa ambaye ametoweka katikati ya msimu. Barazani itasemwa kwamba kocha alimchukia. Huenda ni hivyo, ila kabla ya kuliandika, uliza kama alikuwa akilipwa. Kanuni za FIFA kuhusu uhamisho wa wachezaji zinamhesabu mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi miwili kuwa na sababu halali ya kuvunja mkataba, mradi amemwandikia mwajiri wake na kumpa angalau siku 15 za kulipa deni lote. Mchezaji wa namna hiyo hakufukuzwa na mtu. Alichoka kungoja, na swali lako linapaswa kumwendea mweka hazina badala ya benchi la ufundi.

Jua pia timu yako ni ya nani, kwa kuwa mlango wa kubisha hutegemea hilo. Timu ya mtaa huendeshwa na kamati, na aghalabu mwenyekiti wake unamkuta sokoni au msikitini. Timu ya tajiri mmoja humsikiliza tajiri huyo. Timu inayofadhiliwa na shirika la umma, kama vile Bandari ya hapa Mbaraki, iliyo chini ya ufadhili wa Mamlaka ya Bandari ya Kenya na ambayo ilitwaa kombe la shirikisho la soka la Kenya mwaka 2015 na tena mwaka 2019, ina mlango mwingine wa ziada: Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba habari zilizo mikononi mwa taasisi ya umma, kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi husika inatakiwa kutoa uamuzi wake ndani ya siku 21. Ni wachache wanaojua kwamba ombi la Kiswahili lina uzito sawa kisheria.

Vilevile, omba katiba ya klabu. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka jumuiya za michezo zisajiliwe na ziwe na katiba yenye kueleza uchaguzi unaofanyika kwa vipindi maalumu. Ukiisoma utajua nani ni mwanachama mwenye kura na nani ni mpenzi wa timu tu. Mimi nilishangaa kugundua kwamba katika kundi letu lote, waliokuwa wamelipia kadi za uanachama walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tulikuwa tukipiga kelele za kumtoa mwenyekiti ilhali hatukuwa na kura hata moja ya kumtoa.

Kwa wenzetu ambao maumivu yao yako Manchester au London, niseme machache. Barua itokayo Kisauni haitabadilisha usajili wa klabu ya Uingereza. Unachokimiliki ni pesa yako ya jezi na ya king'amuzi, na hiyo unaweza kuizuia bila kumwandikia mtu.

Daftari kabla ya barua

Nunua daftari la kurasa 96 na kalamu, uende nalo uwanjani. Kwa kila mechi andika tarehe, kikosi kilichoanza na nafasi ya kila mchezaji, nani hakuwepo na sababu iliyotangazwa, dakika za mabadiliko, na kila bao la kufungwa lilianzia upande gani. Usiandike maoni yako. Maoni utayakumbuka bila msaada. Fanya hivyo kwa mechi nane au kumi, kisha keti usome daftari lote kwa mkupuo mmoja.

Sisi tuliamini kwa moyo mmoja kwamba kipa wetu ndiye balaa, na tulimwimbia nyimbo ambazo sasa zinanitia haya. Daftari lilisema vingine. Mabao mengi tuliyofungwa yalitokana na krosi zilizopigwa upande wetu wa kushoto, na upande huo ulikuwa ukilindwa na viungo wawili waliokuwa wakipokezana, kwa kuwa beki wa kushoto alikuwa ameondoka kabla ya msimu kuanza na hakuletwa mwingine. Kipa alikuwa akiokoa alichoweza. Kosa halikuwa la siku ya mechi. Lilifanyika miezi kadhaa nyuma, kwenye meza ya usajili, na kocha tuliyekuwa tukimzomea alikuwa akiziba pengo kwa alichonacho.

Daftari hufundisha pia kutenganisha uamuzi na matokeo yake. Penalti iliyogonga mwamba haithibitishi kwamba mpigaji alichaguliwa vibaya. Usajili upimwe kwa yale yaliyojulikana siku ile ya kutia saini: je, mchezaji alikuwa majeruhi tayari, nafasi yake ilikuwa na watu watatu tayari, kocha alimtaka kweli? Wapo wale ambao kila mshambulizi akishindwa husema, "Mimi nilisema." Waulize waliandika wapi.

Swali moja, tena kwa wakati wake

Mwezi Februari mwaka 2016, mashabiki wa Liverpool walikasirishwa na mpango wa kuuza baadhi ya tiketi kwa pauni 77. Katika mechi dhidi ya Sunderland, dakika ya 77 ilipofika, maelfu yao waliinuka wakatoka nje ya Anfield, na kabla ya wiki kumalizika wamiliki walikuwa wameufuta mpango huo na kuomba radhi. Dai lilikuwa moja na tarakimu ilikuwa moja, na kila mtu alijua jibu linalotakiwa. Linganisha na wenzao wa Manchester United, ambao tangu klabu ilipochukuliwa na familia ya Glazer mwaka 2005 wamedai kwamba familia hiyo iondoke. Tarehe 2 Mei 2021 waliingia hadi ndani ya Old Trafford na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa, lakini familia hiyo bado ndiyo yenye hisa nyingi. Siwalaumu, kwa kuwa walichokidai ni kikubwa zaidi. Nasema tu kwamba mwenye timu akiambiwa "ondoka" hana la kujibu isipokuwa "siondoki", lakini akiulizwa kwa nini nafasi fulani haijajazwa, kunyamaza kwake kutaonekana.

Kwa hiyo, toa katika daftari swali moja. Liwe linahusu uamuzi uliokwisha kufanyika au unaokaribia kufanyika, na liwe na mtu wa kulijibu. Kisha tazama kalenda. Barua kuhusu usajili inayofika dirisha la uhamisho likiwa limekwisha kufungwa ni rambirambi. Ipeleke wiki sita kabla, wakati kamati bado inapiga hesabu.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Anza na salamu kama inavyotakiwa katika mji huu, kisha ingia katika jambo bila kuzunguka. Wala usianze na historia ya Feisal, timu ya hapa Mombasa iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, hata kama ni fahari yetu sote, kwa sababu mwenyekiti ataisoma aya hiyo kwa furaha na kuiacha iliyobaki. Yetu, iliyofaulu, ilikuwa na maneno ya namna hii:

"Bwana Katibu, baada ya salamu. Sisi tuliotia saini hapa chini ni wapenzi wa timu tunaohudhuria mechi za nyumbani. Tangu beki wa kushoto aondoke, nafasi yake imechezwa na viungo katika mechi tisa, na orodha ya mechi hizo tumeiambatisha. Tunaomba kamati itueleze ni nani aliyeidhinisha kuachiliwa kwake, na ni mpango gani uliopo wa kuijaza nafasi hiyo kabla ya dirisha lijalo kufungwa. Tutashukuru kupata jibu kwa maandishi katika muda wa siku kumi na nne."

Utaona kwamba hakuna neno la wizi ndani yake. Hata ukiwa na yakini moyoni kwamba fedha zimeliwa, omba hesabu, usitaje mwizi, kwa kuwa tuhuma isiyo na karatasi inaweza kukupeleka mahakamani wewe na kumwacha mwenye hatia akicheka. Kuna hesabu moja ambayo timu nyingi ndogo hazikumbuki hata kuidai. Mchezaji anayeuzwa nchi ya nje kabla ya mkataba wake kuisha huacha asilimia 5 ya bei yake kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kijana aliyechezea timu ya mtaani kwenu misimu mitatu, kuanzia ule wa kutimiza miaka 16, kisha baadaye akauzwa kwa shilingi milioni 10, ameiletea timu hiyo shilingi 150,000 kwa uhamisho huo mmoja, ikiwa tu usajili wake uliwekwa kumbukumbu. Kuuliza kama kumbukumbu hizo zipo ni swali la heshima, na linaweza kuleta jozi kadhaa za viatu.

Mpelekee barua katibu kwa mkono, pamoja na nakala ambayo ataitia saini na tarehe ya kupokea. Afadhali apeleke mzee anayeheshimika mtaani kuliko kijana mwenye ulimi mwepesi. Sisi tulimtuma mstaafu mmoja wa bandarini ambaye kila mwanakamati alimwamkia "shikamoo" kabla ya kumuuliza shida yake, na hilo peke yake lilitupatia kiti.

Mkiitwa kikaoni

Nendeni watatu au wanne, msemaji awe mmoja, na mwingine aandike kila kinachosemwa. Ahadi yoyote iombewe tarehe papo hapo. Mkipewa jezi za bure au tiketi za msimu, shukuruni na mziache mezani, maana aliyevaa jezi ya mwenyekiti hupata taabu kumuuliza mwenyekiti.

Wakinyamaza, andikeni barua ya pili na nakala yake impate mfadhili. Hatua inayofuata ni mabango uwanjani, yenye swali lilelile kwa maneno yaleyale. Kama mnataka maandamano ya barabarani, Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 37, inawapa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na Sheria ya Utulivu wa Umma inataka afisa msimamizi wa kituo cha polisi apewe taarifa si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla. Jiwe likirushwa au uwanja ukivamiwa, adhabu itaiangukia klabu ileile mnayoipigania. Kususia mechi nalo silishauri kwa timu ndogo: pesa za langoni ndizo nauli ya wachezaji kurudi Likoni na Changamwe. Na yule atakayewaambia mwende Baraza la Kuamua Mizozo ya Michezo kwa sababu ya kikosi kibovu, mpeni kahawa nyingine. Halikuundwa kwa kazi hiyo.

Jibu likifika, lisomwe lote barazani, pamoja na sehemu zinazowakosoa ninyi. Jibu letu lilieleza kwamba beki alidai nyongeza ya mshahara, kamati ikakataa, na kocha aliomba mbadala mara mbili bila kupewa. Tulimwomba radhi kocha mbele ya watu. Kisha tukaandika katika ukurasa wa mwisho wa daftari tarehe ambayo kamati ilijiwekea ya kuleta beki mwingine, na asubuhi ya siku hiyo yule mstaafu alirudi ofisini akiwa amebeba nakala ya barua yao wenyewe.