Somo: Kupanga safari ya shamba kwa gari ya umeme, na wapi pa kutia chaji

Assalaam alaykum wanachama.

Swali linalorudi kila mara humu ni kama gari ya umeme itafika Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na kurudi mjini, au haitofika. Mtu hawezi kujibiwa bila kuijua betri yake, maana gari mbili za aina moja na mwaka mmoja zinaweza kuachana kwa makumi ya kilomita. Nimeona bora tuweke somo zima, kila mmoja apige hesabu yake mwenyewe.

Kwanza tuelewane jambo moja. Masomo mengi ya safari yanayozunguka mitandaoni yameandikwa kwa ajili ya barabara kuu za Ulaya na Marekani: unakwenda kilomita 200 au 300, unasimama nusu saa kwenye mashine ya chaji ya haraka, unaendelea. Unguja ina urefu wa kilomita 85 tu. Shida yetu ni namna ya kurejea nyumbani kwa soketi ya ukutani, ambayo inajaza polepole. Kwa hiyo kwetu sisi chaji inapangwa pale utakapokaa saa nyingi: kwa ndugu, kwa mwenyeji, hotelini, kazini. Anayetafuta pa kuchaji akiwa ameshaingia njiani amechelewa.

HATUA YA 1: Ijue betri yako kwa yuniti

Yuniti moja unayonunua kwenye tukuza (mita ya kulipia kabla) ndiyo kilowati-saa moja, na betri ya gari hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Gari ikiitwa ya 24, maana yake ilipokuwa mpya betri yake ilibeba yuniti 24. Ikiitwa ya 40, yuniti 40.

Sasa ondoa uchakavu. Nissan Leaf iliyotumika Japani ina vipande 12 vya afya ya betri pembeni mwa kipimo cha chaji. Kikipotea cha kwanza, betri imeshapungua karibu asilimia 15. Ukitaka uhakika zaidi, tumia programu ya LeafSpy na kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Kitakuonesha asilimia halisi. Leaf hizi zilizotumika hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, kwa hiyo joto huichakaza upesi. Usiiache juani mchana kutwa ikiwa imejaa mia kwa mia. Siku za kawaida jaza mpaka 80 au 90, na 100 iwe usiku wa kuamkia safari.

Mfano: Leaf ya 24 iliyobaki na afya ya asilimia 70. Ukitoa na kile kiasi ambacho gari yenyewe hukizuia isikimalize, unabaki na yuniti 15 hivi za kuendea.

HATUA YA 2: Pima inakula kiasi gani

Usizitegemee kilomita zinazooneshwa kwenye dashibodi. Zile ni makisio yanayofuata ulivyoendesha dakika chache zilizopita. Angalia asilimia ya betri, na upime matumizi kwenye njia unayoijua, kwa mfano mjini hadi Mahonda kupitia Bububu, kwa mwendo wako wa kila siku.

Gari ndogo kwa mwendo wetu wa 50 hadi 70 hutumia yuniti 13 mpaka 15 kwa kilomita 100. Kiyoyozi kwenye jua kali kinaweza kula yuniti moja kila saa, na zaidi dakika za mwanzo gari ikiwa imechemka. Upepo nao uhesabu: Julai, watu wanapokwenda Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, kusi inakupiga usoni njia nzima ya kwenda. Kurudi inakusukuma.

HATUA YA 3: Anza na hesabu ya kurudi

Weka kando asilimia 20 usiiguse. Ile ni ya mchepuko, ya mgonjwa wa ghafla, na ya umeme kukatika. Umeme wetu unakuja kutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari mpaka Fumba. Wanaokumbuka miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanaelewa kwamba likitokea la kutokea, Nungwi, Paje na mjini vinaweza kuzima pamoja. Mwaka 2013 uliongezwa waya wa pili wenye uwezo mkubwa zaidi na hali ikawa nafuu sana, lakini akiba yako ni yako.

Turudi kwenye yuniti 15. Toa 3 za akiba, zimebaki 12. Kwa matumizi ya 14 kwa kilomita 100, unapata kilomita 85 hivi. Mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60, kwenda na kurudi 120. Zimepungua kilomita 35, yaani yuniti 5. Soketi ya kawaida, gari ikivuta ampea 10, inaingiza yuniti 2 kwa saa ndani ya betri baada ya kutoa zinazopotea njiani. Ukikaa Nungwi saa 3 unapata yuniti 6. Safari inawezekana, tena kwa utulivu.

Hapo hapo jiulize: na umeme ukiwa umekatika Nungwi? Umefika na yuniti 6 na kitu, na kurudi mjini kunataka 8. Basi lazima uwe na mtu wa pili njiani, Kinyasini au Mahonda, ambako utafika bila shida. Huyo mpigie simu kabla ya kuondoka, hata kama unaamini hutomhitaji.

Mwenye gari ya 40 yenye afya ya 90 ana yuniti 33 hivi. Akitoa akiba anakwenda kilomita 180 na zaidi. Huyo anakwenda Nungwi na kurudi bila kuchomeka popote.

HATUA YA 4: Zungumza na mwenyeji mapema

Hapa ndipo naona wengi wanapuuza, na ndipo safari inapoharibika. Gari ikivuta ampea 10 ni sawa na pasi ya umeme iliyowashwa bila kuzimwa saa tatu mfululizo. Mwenyeji ananunua yuniti zake kwa fedha zake, na pengine amebakisha 4 za kumfikisha mwisho wa wiki. Ukimmalizia usiku, friji yake inazima na samaki wake wanaoza.

Kwa hiyo mpigie siku moja kabla. Mwambie wazi: nitahitaji soketi kwa saa tatu, nitatumia yuniti 7 hivi. Muombe nambari ya mita yake, umnunulie yuniti 10 kabla hujafika. Atakataa, ndivyo tulivyolelewa. Nunua tu. Mgeni anayekuja na yuniti zake hukaribishwa tena, na siku nyingine mwenyeji ndiye atakayekukumbusha uchomeke. Ukifika, salimia, kisha omba kuchomeka kabla hujakaa kitako. Usingoje mpaka baada ya chakula, maana saa unazozipoteza barazani huzipati tena.

Hotelini ni hivyo hivyo: uliza wakati wa kuweka nafasi, uliza soketi iko umbali gani na maegesho, na mkubaliane bei. Kuhusu vituo unavyoviona kwenye programu kama PlugShare, usipange safari kwa kutegemea kituo ambacho hukukiona kwa macho yako au hukuzungumza na mwenye nacho.

HATUA YA 5: Kagua soketi

Soketi zetu ni za pini tatu bapa, volti 230, na plagi ina fyuzi ya ampea 13. Kinadharia inatosha. Kwa nyumba za pwani, kutu ya chumvi hutafuna shaba ndani ya soketi, mguso unalegea, na palipolegea panachemka. Fuata haya:

– Plagi ikiingia kwa ulegevu, au soketi ina weusi wa kuungua, tafuta nyingine.
– Soketi ya kiyoyozi au ya jiko mara nyingi ina waya mnene na laini yake peke yake. Ulizia hiyo kwanza.
– Baada ya nusu saa shika plagi. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa mkono hauvumilii, chomoa, punguza ampea kama kebo yako inaruhusu, au acha kabisa.
– Ekstensheni iwe ya waya wa milimita 2.5 za mraba, na ikunjuliwe yote. Iliyobaki imezungushwa kwenye kigurudumu huchemka mpaka plastiki ikayeyuka. Zile za soketi nyingi za kuchajia simu usizitumie katu.
– Soma kibandiko cha kebo iliyokuja na gari. Kama kimeandikwa volti 100 peke yake, ni ya umeme wa Japani. Usiichomeke hapa, nunua inayokubali mpaka 240.

Taa ya hitilafu ikiwaka kwenye kebo, mara nyingi soketi haina waya wa ardhi. Wapo mafundi watakaokwambia wanajua namna ya kuidanganya kebo ikubali. Kataa. Waya ule ndio unaomuokoa mtoto atakayeigusa gari akiwa miguu mitupu kwenye mchanga mbichi.

HATUA YA 6: Njiani

Nenda mwendo wa wastani, achia mguu mapema unapokaribia matuta ili gari irudishe umeme kwenye betri, na angalia asilimia ukifika nusu ya njia. Ikiwa umetumia zaidi ya ulivyopanga, zima kiyoyozi na punguza mwendo. Ukifika ufukweni, egesha juu mbali na maji yanapofika bamvua, na upande wa kivuli.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Watatu, Jang'ombe: Maalim, mwezi wa Ramadhani tunakwenda kufuturu kwa mama Jambiani na kurudi usiku ule ule. Gari ni ya 24, afya 75. Tutaweza?

Jibu: Bi mkubwa, mtaweza kama mtachomeka mkifika. Jambiani ni kilomita 55 hivi, kwenda na kurudi 110. Betri yenu ina kama yuniti 16, mkitoa akiba zinabaki 13, ambazo ni kilomita 90 na kidogo. Mnahitaji yuniti 3 tu. Mkifika saa 12 jioni na kuondoka baada ya tarawehe, saa 3, mtakuwa na 6. Usiku jua hakuna, kiyoyozi mtakitumia kidogo. Ila wakati wa kufuturu kila nyumba imewasha majiko na mafeni. Ikiwa taa za nyumba zinafifia mkichomeka, subirini kwanza watu wamalize kupika.

Dereva wa wageni, Paje: Umeme ukikatika, naweza kutumia jenereta ndogo ya petroli?

Jibu: Kebo nyingi zitaikataa, kwa sababu jenereta ndogo haina ardhi inayotambulika na umeme wake hautulii. Jenereta kubwa ya hoteli iliyofungwa na fundi inafaa, baada ya kumuuliza msimamizi kama ina nafasi ya kilowati 2 na nusu. Kwa kazi yako, kaka, ningekushauri uzungumze na hoteli mbili unazopeleka wageni mara kwa mara, wakufungie soketi ya ampea 32 kwa fundi aliyesajiliwa. Gari ikiwa na uwezo wa kuipokea, ndani ya saa moja unapata yuniti 6, na wageni wakiwa Jozani kuangalia kima punju wewe huna wasiwasi wa kurudi.

Kijana wa Wete: Somo lote ni Unguja. Sisi Pemba je?

Jibu: Haki yako. Pemba masafa ni mafupi: Mkoani hadi Chake kilomita 30 hivi, Chake hadi Wete kama hizo hizo, na Mkoani mpaka Konde yapata 70. Tofauti ni vilima. Kwa mfano ongeza yuniti 2 kwenye kila kilomita 100, yaani hesabu 16, kisha urekebishe baada ya kupima mwenyewe. Mteremko unarudisha sehemu ya ulichotumia kupanda, lakini haurudishi chote, na betri iliyojaa mia kwa mia haina pa kuupokea umeme huo. Anayeishi juu ya kilima aondoke na 90. Umeme wenu nao unakuja kwa waya wa bahari kutoka Tanga tangu 2010, kwa hiyo akiba ya asilimia 20 inabaki pale pale. Anayevusha gari kutoka Unguja ajaze kabla ya kupakia, ashuke Mkoani na uhakika wa kufika anakolala.

Mkaazi wa Fuoni: Nikichomeka jioni inachaji kidogo kisha inakata yenyewe. Usiku wa manane inakubali. Gari mbovu?

Jibu: La, ndugu yangu, gari inajilinda. Jioni mtaa mzima unatumia, volti zinashuka, na chaja ikiona zimeshuka mno inakata. Weka saa ya kuanzia chaji iwe saa 5 usiku, au punguza mpaka ampea 8 au 6. Volti zikibaki chini hata usiku, ripoti ZECO, shirika letu la umeme. Na mlete fundi aangalie waya unaotoka kwenye mita, pengine kiungo kimelegea.

Dereva wa wageni, Paje: La mwisho. Ikizima njiani, nivutwe kwa kamba?

Jibu: Usikubali. Leaf huendeshwa kwa magurudumu ya mbele, na yakizungushwa wakati gari inaburutwa, mota inazalisha umeme na inaweza kuungua pamoja na vifaa vyake. Ipakiwe nzima juu ya lori, au magurudumu ya mbele yanyanyuliwe kabisa. Ikiwa uko karibu na nyumba za watu, isukumeni polepole mpaka kwenye soketi: nusu saa tu ya chaji inakupa kilomita 7.