Jinsi ya kuchagua amplifaya na spika kama unasikiliza mziki kwa sauti ya chini

Ukienda kununua mziki cha kwanza unaambiwa wati, hii ina wati 100 kila upande, ile 200, halafu inafunguliwa mpaka kifua kinatetemeka na unaona kweli hii ni mashine. Sasa wewe unasikiliza saa nne usiku, mtoto kalala, jirani yuko nyuma ya ukuta. Kile ulichosikia dukani hutakaa ukisikie tena.

Tupige hesabu kidogo. Spika ya kawaida ina desibeli kama 87, yaani ukiipa wati 1 na ukakaa mita 1 unapata sauti ya desibeli 87, ambayo tayari ni kubwa. Ukisikiliza kwa desibeli 60 hivi, umeshuka desibeli 27, na hapo spika inakula kama wati 1 ukiigawa mara 500. Hizo wati 200 hazina kazi kwako kabisa, kwa hiyo hela yako ipeleke kwingine.

Tatizo lenyewe liko kwenye sikio. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell kule Marekani, walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii besi sawa na sauti za kati (zisizo nzito wala nyembamba, kama ya mtu anayeongea), na kadiri sauti inavyoshuka ndo besi inapotea zaidi. Kwa vipimo vya sasa, sauti ya kati ikiwa desibeli 80, besi ya hezi 50 inataka desibeli kama 22 za ziada ndo uisikie sawa nayo, lakini ukishusha sauti ya kati mpaka 40 besi inataka karibu 38 za ziada. Ndo maana ukipunguza volyumu gitaa la besi linakimbia na mziki unabaki mwembamba, halafu mtu analaumu spika wakati spika haina kosa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutafuta ni amplifaya yenye loudness, yaani kitufe au nobu ya kurudisha besi inayopotea sauti ikiwa chini. Najua kuna watu wanaona kugusa besi na trebo ni kuharibu mziki, wanataka amplifaya isiyo na kitufe chochote zaidi ya volyumu. Kwa anayesikiliza kwa sauti kubwa sawa, ila kwa sauti ya chini mi nakataa kabisa, maana hapo usipoongeza besi hausikii kile alichokitengeneza fundi wa studio. Ile loudness ya kuwasha na kuzima inasaidia, ila nzuri zaidi ni ya kuzungusha kama zilizopo kwenye baadhi ya amplifaya za Yamaha, unaweka volyumu pale unapopenda ukisikiliza kwa nguvu halafu unashusha sauti kwa kutumia hiyo loudness, na besi inabaki. Kama haina, basi angalau iwe na nobu za besi na trebo, au tumia ikwalaiza ya kwenye simu.

Kitu cha pili watu hawakiangalii na kinaudhi sana: volyumu yenyewe huku chini ikoje. Nobu nyingi za kawaida zikiwa mwanzoni kabisa pande mbili hazilingani, kushoto kunaanza kutoa sauti kulia bado, mwimbaji anahama katikati anaenda pembeni. Halafu kifaa kama CD pleya kinatoa volti 2 hivi, amplifaya nyingi zinafika mwisho wa nguvu zake kwa chini ya hapo, kwa hiyo ukigusa nobu kidogo tu sauti imeshakuwa kubwa na hauna nafasi ya kurekebisha. Tafuta yenye volyumu ya kielektroniki inayopanda hatua ndogo ndogo. Kama tayari unayo ya zamani, punguza sauti kidogo kwenye chanzo, au chomeka vile vidude vya kupunguza nguvu kwenye waya wa RCA (ule wenye ncha nyekundu na nyeupe unaotoka kwenye chanzo kwenda kwenye amplifaya), ukipata vya desibeli 10 nobu itapanda na pande mbili zitakaa sawa.

Spika chukua za saizi ya kati na uzisogeze karibu. Ukipunguza umbali nusu, ile sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika inakufikia na desibeli 6 zaidi, bila jirani kuongezewa chochote, na feni au friji haifuniki vile vitu vidogo vidogo kwenye mziki. Mita 1 mpaka 1 na nusu inatosha. Zikikaribia ukuta besi inaongezeka, na hapa hiyo ni faida. Sabufa kama unayo sio mbaya ila besi ndo inayopenya ukuta kuliko kitu kingine, na nyingi zina ile ya kujizima zenyewe, zikisikia mziki mdogo zinadhani hakuna kitu zinalala katikati ya wimbo, kwa hiyo hakikisha hiyo inaweza kuzimwa.

Spika zenye amplifaya ndani nazo ni nzuri kwa kazi hii, ila washa bila mziki usogeze sikio, nyingine zina shhh ambayo kwa volyumu kubwa haisikiki ila usiku chumba kikiwa kimya itakukera kila siku.

Ukiwa dukani nenda na wimbo unaoujua vizuri, omba washushe mpaka muweze kuongea bila kupaza sauti, kaa hapo nyimbo mbili tatu, sikiliza kama besi bado ipo na mwimbaji yuko katikati. Wakikataa kushusha, nenda duka lingine.