Pikipiki iliyolala muda mrefu: hatua za kuirudisha barabarani

Pikipiki ikishalala mwaka mmoja au miwili nyuma ya nyumba, siku mwenyewe anapoihitaji hukimbilia kumimina lita ya petroli na kupiga kiki. Akichoka anaita vijana waisukume. Injini nyingi zilizokuwa nzima zinauawa hapo. Kutu ya tangini inashuka kwenye kabureta, ringi za pistoni zilizokauka zinaikwangua silinda, na oili iliyoganda haiwahi kupanda kwenye valvu. Mpangilio wa kazi ndio unaookoa injini na mfuko wako, kwa hiyo nakuomba usiruke hatua hata kama pikipiki inaonekana safi kwa nje.

Nitazungumzia injini za aina ya Honda CG125, yaani Honda yenyewe na zile nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zilizofuata ramani yake. Honda ilianza kuitoa CG miaka ya 1970 ikiwalenga watu wa barabara mbovu wanaochelewa kufanya servisi. Kemshafti yake, yaani shafti inayofungua valvu, iko chini na valvu zinasukumwa kwa fimbo, kwa hiyo hakuna cheni ya taimingi ya kukusumbua. Kama yako ni Boxer au TVS, mpangilio ni huuhuu. Vipimo vichukue kwenye kitabu chake.

Hatua ya 1: Namba kabla ya spana

Kama ndiyo kwanza unainunua, usifungue hata nati moja kabla ya kusoma namba ya chasisi. Iko kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, upande wa chini. Futa matope kwa brashi, uzilinganishe na kadi ya pikipiki, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyopigwa msasa au kugongwa upya, achana nayo hata ukiuziwa kwa bei ya chuma chakavu.

Uliza pia ililala kwa nini. Pikipiki nyingi za bodaboda zilizoegeshwa ni za mkataba uliovunjika katikati: anayekuuzia alikuwa dereva tu, kadi iko kwa tajiri. Muuzaji awe ndiye mwenye jina kwenye kadi, muandikishane mbele ya mashahidi, na umiliki uhamishwe TRA (kwa Kenya ni NTSA) kabla hujaanza kununua vipuri.

Hatua ya 2: Ikague ikiwa imesimama

Iweke kwenye stendi kubwa, uanze mbele kurudi nyuma. Shika tairi la mbele ulitikise kwa pembeni: likicheza, beringi za gurudumu zimekwisha. Vuta shokapu za mbele kwenda mbele na nyuma: zikigonga, ni beringi za usukani. Fanya hivyohivyo kwa tairi la nyuma na mkono wake wa fremu. Angalia kama fremu ina ufa pale inapounganishwa kwa welding, hasa chini ya kiti, maana pikipiki zilizobeba magunia hukatikia hapo.

Fungua boksi la filta ya hewa. Panya wanapapenda sana. Ukikuta majani na manyoya, toa yote sasa, kwa sababu injini itakapowaka itayavuta ndani. Filta ya sponji ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, uitie oili kidogo na kuikamua. Ikimeguka mkononi, nunua mpya. Usiendeshe bila filta, vumbi la barabara za udongo linakula silinda upesi.

Hatua ya 3: Hakikisha injini inazunguka

Toa plagi. Kwa sindano ya dawa au kijiko cha chai, tia oili safi kidogo kwenye tundu la plagi, kama mililita 5, uiache ilale usiku kucha. Oili inateremka taratibu kwenye ringi na kuzilainisha.

Asubuhi, plagi ikiwa bado nje, ingiza gia ya juu kabisa uzungushe tairi la nyuma kwa mkono, polepole. Pistoni ikipanda na kushuka bila kukwama, una bahati. Ikigoma, ongeza oili na uipe siku nyingine, huku ukilisogeza tairi mbele na nyuma kidogokidogo. Usisimamie kiki kwa uzito wa mwili, utavunja meno ya kiki na bado injini itakuwa imejam. Ikikataa kabisa baada ya siku kadhaa, kazi imekuwa ya kufungua silinda, na hapo upige upya hesabu ya gharama.

Hatua ya 4: Tangi na koki

Petroli iliyokaa inapoteza ile sehemu nyepesi inayowaka haraka, na kinachobaki kinageuka gundi yenye harufu kali kama ya rangi ya zamani. Imwage yote. Zima jiko la mkaa lililo karibu, mwenye sigara asogee, na ufanye kazi hii nje penye upepo.

Mulika ndani ya tangi kwa tochi. Kutu nyepesi utaiona kama unga wa kahawia. Fungua koki, ziba tundu lake, jaza siki uiache siku nzima. Kutu ikiwa nene, tia na nati kadhaa utikise. Zihesabu zinapoingia uzihesabu zinapotoka, maana moja ikibaki itakuja kuziba koki ukiwa njiani. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi soda kidogo ili kuua ukali wa siki, suuza tena kwa maji matupu, kisha likaushe papo hapo kwa mashine ya upepo. Chuma kilichosafishwa kinapata kutu mpya ndani ya saa chache, kwa hiyo likishakauka lizungushie petroli yenye oili kidogo ndani.

Koki ina kichujio kinachosimama ndani ya tangi. Kisafishe, na kama kimepasuka badilisha. Mpira wa mafuta uliokauka na kupasuka nao utoke. Ni wa bei ndogo na ukivuja juu ya injini ya moto unaunguza pikipiki nzima. Mimi huweka na filta ndogo ya petroli katikati ya mpira kwenye kila pikipiki iliyokuwa na kutu.

Hatua ya 5: Kabureta

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na ndipo mafundi wenye haraka wanapokwambia ununue mpya. Kabureta iliyolala kwa kawaida haijafa, imeziba. Kabla hujanunua, ifungue.

Itoe, kisha fungua bakuli la chini. Utaona ukoko wa kijani au wa njano, nayo ni petroli iliyokauka. Toa pini ya boya, uinue boya pamoja na sindano yake. Tazama ncha ya sindano: ikiwa na mfereji uliozunguka, mafuta hayatazibwa vizuri na kabureta itafurika, basi badilisha sindano.

Sasa jeti, vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupitishia petroli. Kubwa iko katikati, tundu lake unaliona kwa macho. Ndogo imejificha pembeni ndani ya tundu refu, na ndiyo inayokupa usumbufu wote, kwa sababu ndiyo inayoilisha injini wakati wa kuwaka na wakati imesimama bila kuvutwa mafuta. Tumia bisibisi inayoenea vizuri, shaba yake ni laini. Iinue uelekeze kwenye mwanga wa jua uchungulie. Unatakiwa kuona nukta ya mwanga iliyo duara kamili. Ukiona giza, au nukta yenye umbo la mwezi mchanga, bado imeziba. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme uupitishe. Usitumie sindano ya kushonea wala waya wa breki, chuma kigumu kinalipanua tundu na pikipiki itakula mafuta daima.

Skrubu ya hewa iliyo ubavuni, kabla ya kuitoa, ikaze taratibu mpaka ikae huku ukihesabu mizunguko, uandike. Wakati wa kuirudisha anza na hesabu hiyo, au mizunguko miwili hivi kutoka pale ilipokaa. Pulizia kila njia kwa dawa ya kusafishia kabureta na mashine ya upepo ya mtu wa tairi. Ukipuliza upande mmoja uhisi hewa ikitokea upande wa pili. Ukiifunga, angalia mpira wa duara unaokaa kati ya kabureta na injini. Ukiwa umebonyea, injini itavuta hewa ya pembeni na haitatulia hata ufanye nini.

Hatua ya 6: Oili, tapeti na plagi

Mwaga oili ya zamani. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. CG haina filta ya oili ya kubadilisha. Ina chujio la waya chini ya injini, nyuma ya kofia kubwa yenye springi. Litoe ulioshe kwa petroli. Jaza oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA (ya oili isiyotelezesha klachi), lita moja hivi, uhakikishe kwa kijiti cha kupimia. Oili nyingine za gari zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze, kwa sababu klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyohiyo.

Tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu kichwani mwa injini, zipimwe nafasi yake injini ikiwa ya baridi. Zungusha tairi la nyuma kwenye gia ya juu mpaka alama ya T kwenye magineti (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme) ikae sawa na alama ya kava, na tapeti zote mbili ziwe zinacheza kidogo. Kwa Honda CG125 nafasi ni milimita 0.08, kwa valvu zote mbili. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo.

Plagi mpya ni nafuu, nunua. Nafasi yake iwe milimita 0.6 hadi 0.7. Kupima cheche, ivike kofia yake, iguse kwenye kichwa cha injini mbali na tundu na mbali na mafuta, kisha piga kiki taratibu. Cheche iwe ya bluu na yenye mlio. Isipotoka, kagua swichi ya kuzimia kwenye usukani kwanza, kisha soketi zenye kutu, kisha koili. Kwenye CG nyingi za Kichina cheche inatoka kwenye magineti, haitegemei betri, kwa hiyo betri iliyokufa isikudanganye.

Hatua ya 7: Breki, tairi na cheni kabla ya kuwasha

Mtu akishasikia injini inaunguruma anapanda na kuondoka. Ndiyo maana naliweka hili kabla ya kiki ya kwanza.

Breki za ngoma: toa gurudumu, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, usilipulize. Pedi zikiwa zimebaki nyembamba kama shilingi, badilisha. Ile kemu inayozisukuma huganda kwa kutu. Itoe, ipige msasa, ipake grisi kidogo sana. Breki ya diski: mwaga maji yote ya breki ya zamani, maana yanafyonza unyevu hewani, uweke DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Usiyamwagie kwenye tangi, yanatoa rangi.

Kwenye ukuta wa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likiwa na nyufa katikati ya meno, libadilishe hata kama meno bado marefu, pamoja na tyubu.

Cheni ioshe kwa dizeli, uitie oili, uiache na mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati. Klipu ya kiungo chake, upande uliofungwa utazame inakoelekea cheni; ikigeuzwa huchomoka ukiwa kwenye mwendo.

Hatua ya 8: Kuwasha

Swichi ikiwa imezimwa, piga kiki mara kama kumi ili oili ipande. Kisha fungua koki, vuta choki, washa. Itatoa moshi mwingi wa ile oili uliyotia kwenye silinda. Uiache dakika chache utaisha. Usiivute mafuta kwa fujo. Pima betri kwa mita: injini ikizunguka kwa kasi ya kati, isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, chaji haifiki, na mara nyingi ni regyuleta (kifaa kinachodhibiti chaji) au soketi yake.

Klachi iliyolala hushikana. Ukibana mkono wake na pikipiki bado inasukuma, ipashe moto injini, izime, ingiza gia ya tatu, bana klachi, kisha isukume mbele na nyuma mpaka sahani ziachiane.

Hatua ya 9: Kilomita za mwanzo

Pitia taa, endiketa, taa ya breki na honi, lipa bima, vaa helmeti, kisha endesha karibu na nyumbani. Simama baada ya kilomita mbili tatu uguse katikati ya kila gurudumu: ngoma iliyo ya moto kupita nyingine ina breki inayobana. Kaza nati zote za injini, na spoku zigonge moja moja, inayotoa mlio mfu imelegea.

Ikifika kilomita 300 badilisha oili tena, ile ya kwanza itakuwa imebeba uchafu wote uliokuwa umekaa chini. Siku hiyohiyo toa plagi uitazame. Ikiwa ya kahawia, kabureta iko sawa. Ikiwa nyeusi na kavu, mafuta yanazidi au filta imeziba. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu wa oili, ringi au sili za valvu zimechoka. Ikiwa nyeupe, kuna hewa inayoingia pembeni au jeti bado ina uchafu. Isiendeshwe mbali kabla hujaifungua kabureta tena.