"Sorry" kwa wageni: mwongozo kwa waongoza watalii wa Kigoma

Mtu akijikwaa anapopanda boti Kibirizi, wote tunasema "sorry", tukimaanisha pole. Mwingereza akijikwaa ukamwambia hivyo, anaweza kukujibu "It's not your fault", yaani si kosa lako. Hajakukataa; amedhani unaomba radhi.

Hatua ya 1: Tenga pole na samahani. Aliyejikwaa muulize "Are you all right?" Aliyefiwa mwambie "I'm sorry for your loss", mwenye habari mbaya, "I'm sorry to hear that". Pole na safari haina "sorry" yake. Ukisema "Sorry for the journey", mgeni ataanza kujiuliza safari ilikuwa na hitilafu gani. Sema "How was your journey?"

Hatua ya 2: Usiache "am". "Sorry" ni kivumishi, kwa hiyo "I sorry" haisimami. Ukitaka ufupi, sema "Sorry" peke yake.

Hatua ya 3: Angalia kinachofuata. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Jambo lenyewe likiwa nomino, tumia "about" au "for": "Sorry about the delay" au "Sorry for the delay". Kosa ulilotenda lipe "for" na kitenzi chenye -ing: "Sorry for being late". Ile "sorry for late" tunayoisikia kila siku ina kasoro kwa sababu "late" nayo ni kivumishi, na "for" haikishiki bila "being". Unapokatiza mazungumzo, "Sorry to disturb you". Boti la Gombe likijaa, "I'm sorry, the boat is full" inatosha, usirefushe.

Jihadhari na "I feel sorry for you". Ni huruma ya kumtazama mtu kwa juu, na mgeni aliyeibiwa simu hataipenda.

Hatua ya 4: Sikiliza sauti. Uko Ujiji, unaeleza kwamba Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871, mgeni anasema "Sorry?" huku sauti ikipanda mwishoni. Hakuombi radhi, hakusikia. Ukijibu "No problem" mtabaki mnatazamana. Rudia ule mwaka, taratibu.

Hatua ya 5: Kwenye maandishi rasmi, mfano tangazo la safari iliyofutwa, andika "We regret to inform you that..." Tukio la kusikitisha ni "regrettable", mtu anayejuta ni "regretful". Ukiandika "a regretful delay", umeufanya ucheleweshaji wenyewe ujute.