Maili moja bila kufia raundi ya tatu: venye nimepunguza taimu yangu hapa Kisumu

Wacha nianze na aibu yangu ndio mjue mnamsikiliza mtu wa aina gani. Mwaka jana nilikuwa nimetangazia kila mtu kazini ati mimi nakimbia maili kwa dakika 8 na sekunde 10. Nilikuwa nimejipima mwenyewe, raundi nne kwa uwanja wa shule ya msingi iko nyuma ya mtaa wetu, na si kila mtu anajua uwanja ni mita 400? Sasa kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, huja pale asubuhi kutembeza magoti yake, akanisikia nikijipiga kifua kwa simu akaniuliza, "Kijana, nani alikwambia hii ni 400?" Kesho yake akaja na tepu ya fundi, ile ya mita 50, tukazunguka nayo, mimi nimeshika mwisho huu yeye ule, umande umejaa kwa raba, tukihesabu kama watu wanagawa shamba. Mita 362. Mara nne ni 1,448, na maili ni mita 1,609.

"Hiyo maili yako," akasema, "mita 161 zimeliwa na panya."

Kwa hivyo kitu cha kwanza kabla ya mazoezi yoyote, pima mahali unakimbilia. Viwanja vingi vya shule vilichorwa kwa macho, na simu nayo hukadiria tu, ukiwa kwa duara ndogo ya kona nyingi inaweza kukuongezea ama kukupunguzia. Sisi tulisogeza mawe ya kona mpaka ikafika 400, halafu mwalimu akachora mstari mwingine kwa majivu, mita 9 nyuma ya ule wa kumalizia, juu raundi nne ni 1,600 tu na maili inataka hizo 9 za juu. Unaanzia kwa majivu, unamalizia kwa mstari wa kawaida. Nikakimbia maili ya ukweli. 9:26.

Lakini hiyo 9:26 yenyewe haikuwa na maana sana, maana ilikuwa kwa kiganja cha mwalimu, venye alikuwa ameandika kila raundi na biro: 1:52, 2:22, 2:38, 2:31, na sekunde tatu za zile mita 9. Angalia hizo namba vizuri. Raundi ya kwanza nilitoka kama mtu ameiba kuku, hiyo 1:52 ni mwendo wa mtu wa dakika saba na nusu, na mimi si huyo mtu. Raundi ya pili nikaanza kulipa deni, ya tatu nikawa nimefilisika kabisa, ya nne nikaona mwisho nikapata aibu nikajikokota. Karibu kila mtu anayeanza ana namba za sura hii, hata wewe ukiandika zako utaziona.

Mwalimu alinielezea hivi. Ndani ya mwili kuna moto wa karatasi na kuna jiko la makaa. Ukianza kukimbia makaa hayajashika, yanataka kama dakika moja ama mbili ndio mapafu na moyo vianze kupeleka hewa inayotosha kwa misuli. Hapo katikati mwili unatumia moto wa karatasi, unawaka haraka sana lakini unakuachia asidi kwa miguu, ndio ile hali miguu inakuwa kama imefungwa mawe. Ukitoka mbio unamaliza karatasi yote kwa mita 400. Na maili, haswa ya mtu wa dakika nane ama tisa, zaidi ya robo tatu yake ni makaa. Nyoyo, ile githeri yetu, haiivi na moto wa karatasi, omera.

Najua mtu ataniambia Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa anatoka mbele tangu mwanzo na bado akavunja rekodi ya dunia ya maili 1975, 3:51.0. Ni kweli. Wewe si Bayi. Na Bayi alikuwa na makaa ya gunia nzima.

Sasa hayo makaa yanaongezwa aje? Hapa ndio watu hawapendi jibu, mimi mwenyewe nilibisha wiki mbili. Yanaongezwa kwa kukimbia polepole, na namaanisha polepole mpaka uone haya. Nilikuwa nafikiria zoezi ni kutoka kila siku, kukimbia mpaka ulimi unatoka, kurudi nyumbani, kulala. Kumbe hiyo ni kukimbia maili mbaya kila siku. Mtu akienda kule Iten atashangaa, wakimbiaji wakubwa wa dunia asubuhi ya mazoezi mepesi wanaanza kama watu wanaenda kuchota maji, hawana haraka na mtu.

Kipimo changu ni mama wa mandazi kwa kona. Nikifika kwake niwe naweza kumsalimia kwa Kijaluo, "oyawore", nimuulize watoto waliamka aje, nisikie jibu na nijibu, bila kusimama na bila kuhema kama mbwa. Kama siwezi, niko mbio sana, napunguza. Siku za kwanza kupunguza kulimaanisha kutembea, na ni sawa, kimbia dakika tatu tembea moja, rudia mara sita au saba, baada ya wiki tatu utajikuta unaenda dakika 20 bila kutembea na hutajua ilianza siku gani. Watoto wa shule watakupita na mabegi mgongoni. Wanakucheka, ndio. Wacha wacheke.

Siku tatu au nne kwa wiki zinatosha. Mbili au tatu za huo mwendo wa mandazi, dakika 20 mpaka 35, na moja tu ya spidi. MOJA. Naandika kwa herufi kubwa juu wiki ya tatu nilijiona nimeiva, nikafanya spidi siku nne mfululizo, na ile ya tano nikaamka muundi wa mguu wa kushoto unauma hata nikishuka ngazi. Nilikaa siku kumi bila kukimbia. Maumivu ya misuli kuchoka ni ya kawaida, yanaisha baada ya siku mbili, lakini yale ya mahali pamoja kwa mfupa, ukibonyeza na kidole unaruka, hayo usiyakimbilie, pumzika, na yakikataa kuisha nenda hospitali.

Haya, siku ya spidi yenyewe, mimi nimeweka Jumanne. Chukua taimu yako ya ukweli, gawanya kwa nne, toa sekunde tano. Yangu ilikuwa kama 2:20 kwa raundi, nikitoa tano inakuwa 2:15. Basi unakimbia mita 400 kwa hiyo 2:15, unatembea dakika mbili na nusu, unarudia. Wiki ya kwanza mara nne. Baadaye tano, halafu sita. Ukishazoea sita ndio unaanza kukata mapumziko, dakika mbili, moja na nusu. Kitu cha kuangalia ni kama ya mwisho imelingana na ya kwanza, ukipata 2:05 ya kwanza na 2:25 ya mwisho hujafanya zoezi, umerudia kosa lile lile kwa vipande. Mwalimu alikuwa ananipigia filimbi nikipita mita 100 kabla ya sekunde 33, "Rudi! Anza tena!", na mimi mtu mzima na kitambi changu narudi kwa mstari kama mtoto wa darasa la pili. Lakini ndio ilinifundisha kusikia mwendo kwa miguu bila kuangalia saa. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, mengine ni viungo.

Viungo vyenyewe ni viwili. Moja, ukimaliza mbio za polepole, mara nne hadi sita kimbia sekunde 20 ukiwa mwepesi, umenyooka, karibu spidi yako yote lakini bila kukaza meno, halafu tembea upumue vizuri kabla ya nyingine. Inazoesha miguu kugeuka haraka. Mbili, kilima, mara moja baada ya wiki mbili, na siku hiyo ndio inachukua nafasi ya ile 400. Sisi wa Kisumu Mungu ametupea Riat, ila usipandie kwa barabara kubwa ya Kakamega na zile lori, tafuta njia ya pembeni. Sekunde 20 kupanda kwa nguvu, unarudi ukitembea, mara sita. Mlima unakupa nguvu za mapaja na hauumizi miguu sana kama spidi ya tambarare.

Raba: nunua za mtumba tu pale Kibuye, zangu zilikuwa 1,200 na bado ziko. Lakini usinunue kwa rangi. Igeuze uangalie soli, kama kisigino kimelika upande mmoja mtu mwingine ameshaimaliza na miguu yake, na bonyeza sponji na dole gumba, ikiwa ngumu kama mandazi ya juzi wacha. Uwe na nafasi ya upana wa kidole mbele.

Joto ni shida ya kweli hapa. Mtu wa Nakuru ama Eldoret hawezi kuelewa, wao wana baridi yao, ingawa pia wana hewa nyembamba, Nakuru ni kama mita 1,850 juu ya bahari na sisi ni kama 1,130. Kwa hivyo usikubali mtu wa huko akucheke taimu wala wewe usimcheke yake. Ukikimbia hapa saa tisa mchana unajitesa bure, moyo unafanya kazi mbili, kukimbiza miguu na kupoza mwili. Mimi hutoka saa kumi na mbili asubuhi kukianza kuonekana. Mapema kuliko hapo giza ni jingi, boda zingine hazina taa, na wenye wanapenda kukimbia upande wa Dunga karibu na maji, tafadhali, kiboko hutoka ziwani usiku kula nyasi na asubuhi anarudi, hutaki kuwa katikati yake na maji. Hapo hakuna mazoezi ya spidi yatakusaidia. Dada zangu, tokeni wawili watatu.

Chakula sina mengi. Kabla ya spidi ndizi moja au uji mwepesi, saa moja kabla, ugali na omena vitangoja baadaye. Ukisikia kichomi ubavuni mara nyingi umekula karibu sana ama umetoka kasi sana, punguza, pumua nje kwa nguvu. Ukiwa na homa usikimbie, na huku kwetu homa pima malaria usibahatishe. Kama una presha, sukari, ama kifua huuma ukipanda ngazi, daktari kwanza halafu ndio mimi.

Jaribu maili kila baada ya wiki nne, si kila wiki. Siku mbili kabla pumzika au tembea tu. Siku yenyewe pasha mwili moto dakika kumi za mwendo wa mandazi, tupa miguu kidogo, kimbia sekunde 20 mara tatu, ngoja upumue, halafu simama kwa majivu. Maili si ya kuanza ukiwa baridi.

Raundi ya kwanza inafaa uone kama unadanganya, kama mtu hajaanza. Ukijisikia shujaa kwa mita 200 umeshaharibu. Ya pili shika tu. Ya tatu ndio maili yenyewe, hapo hakuna anayekushangilia, mwisho hauonekani, na akili inaanza kukuletea hesabu ya kwa nini usimame, kwa hivyo ipe kazi nyingine, mimi huhesabu hatua mia moja, nikifika naanza tena moja, na nasukuma mikono nyuma juu miguu hufuata mikono. Kwa raundi hiyo ukijiambia unaongeza spidi, kwa saa utaona umebaki pale pale, na kubaki pale pale ndio ushindi wake. Ya nne ukibaki na mita 250 toa kila kitu.

Halafu usilale chini, tembea raundi moja nzima.

Kitu kimoja hunipa raha, mwaka wa 1967 Kipchoge Keino alikimbia maili hapa hapa Kisumu kwa 3:53.1, na hii joto yetu. Na Faith Kipyegon, mtoto wa Keringet huko kaunti ya Nakuru, 2023 alifanya 4:07.64 kule Monaco, ukigawanya ni kama sekunde 61 na nusu kila mita 400, bila kutembea dakika mbili katikati kama mimi. Siandiki hizi ndio ujilinganishe, ni basi tu, ukishajua venye 2:15 inauma, ndio unaelewa hao watu ni nani.

Wiki ya kumi na sita, ukihesabu na zile siku kumi za muundi, mwalimu aliandika tena kwa kiganja. 2:01, 2:03, 2:06, 1:58, na sekunde tatu za zile mita 9. 8:11. Sekunde moja nyuma ya ule uongo wangu wa mwaka jana, lakini hii ni mita 1,609 zote, panya hajaonja. Nikamwonyesha ile 2:06 nikamwambia sasa naiona. Akasema, "Basi Jumanne, 400 sita, 1:58," akachukua fimbo yake akaenda kunywa chai.