Konvolusheni ya ishara: kwa mkono kwanza, kisha kwa FFT

Konvolusheni ni hesabu ya kupitisha ishara kwenye mfumo, kama sauti ukumbini, ili kupata kinachotoka. Anza na namba chache. Chukua ishara x = 2, 1, 3, 4 na mwitikio wa mfumo (kinachotoka ukiuingizia 1 moja tu) h = 1, 2, 1. Kila sampuli (namba moja) ya x inaacha nakala ya h iliyozidishwa kwa sampuli hiyo, na kila nakala inasogea hatua moja kulia:

2 4 2
_ 1 2 1
_ _ 3 6 3
_ _ _ 4 8 4

Jumlisha kila safu wima: 2, 5, 7, 11, 11, 4. Urefu ni 4 + 3 − 1 = 6.

Kwa njia ya masafa, unapiga FFT (hesabu ya haraka inayoigawa ishara katika masafa yake) ya x na ya h, unazidisha namba changamano zinazotoka, pointi kwa pointi, kisha unarudi kwa FFT kinyume. Hapa ndipo wengi hukwama. Ukitumia FFT ya pointi 4 utapata 13, 9, 7, 11: mkia (11 na 4) umekosa nafasi, ukazunguka na kuangukia mwanzoni. FFT huiona ishara kama pete. Kujumlisha matokeo hakutakuonyesha kosa, kwani yote mawili yanatoa 40. Dawa ni kujazia sufuri x na h, zote mbili, hadi pointi 6 au zaidi, kabla ya FFT.

Sasa mwangwi wa ukumbi. Sauti ya sekunde 10 kwa sampuli 48,000 kwa sekunde ni sampuli 480,000. Mwitikio wa sekunde 2 ni 96,000. Kwa njia ya muda, yaani ile ya mkono, ungezidisha mara bilioni 46.08. Kwa masafa, matokeo ya 575,999 yanahitaji, ukitumia FFT ya kawaida yenye urefu wa kipeo cha 2, pointi 1,048,576 (524,288 haitoshi), na FFT tatu pamoja hugharimu kuzidisha namba changamano kama milioni 31 tu. Baada ya kurudi, kata kwenye sampuli ya 575,999.

Lakini h ikiwa na sampuli kumi au ishirini, baki kwenye njia ya muda. FFT ni kujitesa.

Ukizidisha ukubwa tu wa namba changamano na kuacha fezi (pembe zake), mwangwi huvurugika. Ikiwa h ilirekodiwa kwa 44,100, ibadilishe iwe 48,000 kwanza, la sivyo ukumbi utasikika mdogo kuliko ulivyo. Na kabla ya kuhifadhi faili la biti 16, tafuta kilele cha matokeo na ugawanye kwacho: mara nyingi kinapita 1, ambayo ndiyo kikomo cha faili, na usipogawanya sauti itakwaruza.