Namna ya kusali mbele ya Msalaba wa San Damiano

Ndugu unayetumwa Italia kimasomo, au wewe hujaji unayekuja kwa siku mbili tatu, ukifika Assisi utaonyeshwa mambo mengi, na yote ni mazuri. Lakini kama una asubuhi moja tu ya kwako, ipeleke kwenye Msalaba wa San Damiano, ule msalaba wa kuchorwa ambao Mtakatifu Fransisko alisali mbele yake. Mimi ni mtawa Mfransisko. Nilifika huku nikiwa na Kiitaliano cha kuombea maji. Kwenye Masifu ya Asubuhi wenzangu walikuwa wakimaliza mstari wa zaburi mimi nikiwa bado katikati, na mahubiri yalinipita hivihivi. Msalaba huu ndio kitu cha kwanza nilichoweza kukisoma bila kamusi.

Kwanza, uje na swali. Liwe moja, la kweli, na uliandike kwenye karatasi. La kwangu, majira yale ya baridi ya kwanza, lilikuwa: niombe kurudi nyumbani, au nibaki?

Usianze mjini. Toka kwa lango la Porta Nuova asubuhi mapema, uteremke kwa miguu katikati ya mizeituni mpaka San Damiano. Si mbali, ila vaa viatu vya kupandia mlima kwa sababu utarudi kwa njia hiyohiyo. Kanisa lenyewe ni dogo, lina giza, na kuta zake zimeiva moshi. Msalaba utakaouona juu ya altare ni nakala, na wapo wanaosononeka wakiambiwa hivyo. Usisononeke. Mahali ndipo penyewe. Hapa, mnamo mwaka 1205, Fransisko, mwana wa mfanyabiashara wa vitambaa, alipiga magoti akamsikia Kristo akimwagiza aende kuitengeneza nyumba yake inayobomoka. Yeye alielewa ni mawe na chokaa. Alikwenda Foligno akauza vitambaa na farasi, akarudi na fedha. Padre wa kanisa akaogopa kuzipokea, naye akazitupa dirishani. Omba uonyeshwe hilo dirisha. Mimi hunitia moyo sana, kwa sababu aliyeitwa na Mungu kwa sauti bado alichukua muda kuelewa alichoambiwa.

Lisome swali lako hapo mara moja, kimyakimya, kisha panda nalo mjini.

Msalaba wenyewe uko katika Basilika la Mtakatifu Klara. Klara, mfuasi wa Fransisko, aliishi San Damiano mpaka alipofariki mwaka 1253. Baadaye masista wake walihamia ndani ya kuta za mji wakaubeba msalaba pamoja nao. Ingia, shika upande wa kulia, utaukuta kwenye kikanisa cha pembeni. Mabega yafunikwe, simu ibaki mfukoni. Adhuhuri kanisa hufungwa, ndiyo maana nimesema uwahi.

Sasa usikimbilie benchi la mbele. Simama nyuma kabisa. Msalaba una urefu wa karibu mita 2, umechorwa juu ya kitambaa kilichobandikwa kwenye mbao, kazi ya mchoraji asiyejulikana wa karne ya 12. Ukiwa mbali unaona umbo zima: mikono imenyooshwa kama ya mtu anayekupokea mlangoni. Kaa na hilo kwanza.

Kisha sogea, uyatazame macho. Yako wazi. Kristo huyu hana taji la miiba, na kichwa hakijaanguka kifuani. Ana majeraha, damu inatiririka, lakini yu hai na anatazama. Tulio wengi tumezoea misalaba ya Ijumaa Kuu, kwa hiyo usiharakishe hapa. Kama ni robo saa, iwe robo saa.

Chini ya mikono yake wamesimama watu. Upande wake wa kuume ni Mama Maria na Yohane, wametazamana kama jamaa walioachiana usia. Upande wa pili ni Maria Magdalena, Maria wa Klopa, na akida. Chagua mmoja wao usimame naye. Usijaribu kusali na wote kwa siku moja.

Halafu mtafute jogoo. Mimi peke yangu nisingemwona. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, ndugu asiye na maneno mengi, alinishika kiwiko akaninyooshea kidole: pale, kando ya mguu wa kushoto wa Yesu, mdogo, rangi zimefifia. Akasema neno moja, "Pietro." Nikakumbuka Petro akimkana Yesu kwenye ule ua usiku, kabla jogoo hajawika, na kwamba waliomzunguka walimtambua kwa usemi wake. Lafudhi ilimfichua kuwa ni mtu wa kwingine. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimekataa kusoma somo la Misa kwa kuona haya lafudhi yangu. Nilikaa pale nikalia, na mzee akanisubiri mlangoni.

Mwishoni inua macho juu kabisa. Katika duara jekundu Kristo anapaa, malaika wakimlaki, na juu yake kuna mkono wa Baba unaobariki.

Hapo ndipo utoe ile karatasi. Usisubiri sauti. Sali sala ambayo Fransisko mwenyewe aliisali mbele ya msalaba huu: aliomba giza la moyo wake liangazwe, apewe imani iliyonyoka, tumaini la hakika, upendo mkamilifu, na akili ya kujua na kutimiza mapenzi ya Mungu. Isali kwa lugha uliyolelewa nayo. Nilipojaribu kwa Kiitaliano niliishia kuhesabu makosa. Kwa Kiswahili nilisali. Nilirudi siku saba mfululizo kabla sijajua jibu langu, na Jumapili iliyofuata nikapanda kusoma somo.

Mchana ukikuachia nafasi, nenda Basilika la Mtakatifu Fransisko, kanisa la juu. Kati ya michoro 28 ya maisha yake, tafuta wa 13, Krismasi ambayo Fransisko aliiadhimisha kijijini Greccio mwaka 1223. Juu ya kizuizi kinachotenga kwaya na waumini mchoraji ameweka msalaba kwa upande wa nyuma, umeinama kuelekea waumini, unaona mbao tupu na fito zilizoushikilia. Chini yake Fransisko amemwinamia Mtoto, na nyuma ndugu wanaimba, vinywa wazi. Jongea mpaka uvione hivyo vinywa.